Wawira Katikati ya Muguka

Hapa Gachoka hakuna aliyeuchukia muguka kuliko Wawira, mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu. Mwanawe wa pekee, Muchangi, aliyatafuna majani hayo ya kulevya mpaka akaacha kula, akaacha kulala, mwisho tukamzika. Mwenye kovu usidhani kapoa. Kila akipita kando ya shamba la jirani yake Nthiga, mkulima wa muguka, humwambia bila kupunguza mwendo kwamba atachomeka motoni. Nthiga hujibu, "Nimesikia, mama," kisha huendelea kuchuma.

Mwaka jana mvua ilikataa. Ndengu zetu zilikauka zikiwa na maua, na muguka wa Nthiga, usiojali jua, ukabaki kijani kibichi ukitusuta. Wazee wa kanisa wakasema Mungu anatuadhibu kwa sababu ya shamba lile, na lazima ling'olewe. Nthiga alikuwa na watoto watatu shuleni na hakuwa na zao jingine. Tulilijua hilo, tukajifanya hatulijui. Mimi mwenyewe nilinoa jembe.

Alhamisi moja tulifika shambani kwa Nthiga watu kama thelathini. Tulitaka Wawira ang'oe mti wa kwanza, maana uchungu ulikuwa wake. Tulimkuta ametutangulia, ameketi chini katikati ya mstari wa kwanza, kitambaa cheupe cha kanisa kichwani, miguu kainyoosha.

Mzee Ndambiri, kiongozi wetu, alimwomba kwa heshima asimame. Akakataa. Mzee akamuuliza kama haamini tena kwamba Mungu huadhibu.

"Naamini kukuliko, mzee," alisema. "Huyu Nthiga ataungua, nimemwambia mara mingi. Lakini shamba ni yake na dhambi ni yake. Mungu akitaka kuing'oa, hajakosa mikono. Nyinyi mmetumwa na nani?"

Tukageuka mmoja mmoja, tukaondoka. Ningependa kusema niliona haya pale pale. Ukweli ni kwamba nilikasirika, kwa sababu nilikuwa nimetembea mbali na jembe begani, na sasa narudi nalo.

Jumapili iliyofuata alivuliwa kitambaa cheupe mbele ya watu wote, akapelekwa benchi ya nyuma, ile ya waliotengwa na meza ya Bwana. Hakubisha. Iliniuma kumwona, lakini sikufungua mdomo. Na bado, akipita kwa Nthiga, humhubiria moto.

Mwezi wa tatu mwaka huu ng'ombe wa maziwa wa Wawira alikufa. Nilikwenda kumpa pole, na kwa ujinga wangu nikamuuliza kama haoni hiyo ni adhabu ya siku ile shambani.

Aliitazama kamba tupu ya ng'ombe.

"Pengine ni adhabu," akasema. "Lakini hii imetoka kwa Mwenyewe. Haikupitia kamati."

Jumapili niliingia kanisani, nikaenda nikaketi benchi ya nyuma, kando yake. Sikutumwa na mtu.