Mzungu aliyeleta jembe la posa kwetu Hasamba

Wakuu, niamkieni kwanza. Mimi ni bibi kizee, sina umri wa kutunga uongo.

Enzi za Mwingereza nilikuwa binti, nachambua buni kwenye shamba la mzungu huku Mbozi. Msaidizi wa yule mzungu, kijana tuliyemwita Harri, alinipenda.

Nami nilimpenda, tusidanganyane.

Wazungu wa pale walikuwa na mtindo wao. Binti akimpendeza mmoja wao, anaingizwa kwa mlango wa jikoni. Akimchoka, anamrudisha kwao na doti ya khanga. Chifu kimya, wazazi kimya.

Nikamwambia Harri, "Mimi siingii jikoni kwa mtu. Ukinitaka, peleka jembe kwa baba."

Kwetu Wanyiha posa ilikuwa jembe. Baba akishalipokea, umeshikwa. Mpaka lirudi kwa mwenyewe, huolewi kwingine.

Wakuu, mzungu akaja! Mshenga wake mpishi. Harri akakaa chini kwenye mkeka kama mkwe yeyote. Baba akalipokea jembe.

Kijiji kizima kiliona mzungu anaomba badala ya kuchukua. Raha ya siku ile sijaipata tena.

Habari zikafika boma, kwa wakubwa wa serikali. Wiki haikuisha, Harri akapakiwa kwenye gari, akarudishwa kwao Uingereza. Hakugoma. Hata kuniaga hakuniaga, mwanaume yule!

Baba akabeba jembe mpaka kwa DC, mkuu wa wilaya, mzungu mwenzake, amfikishie Harri, ili niwe huru.

DC akamwambia, "Hakuna mzungu aliyeposa hapa. Ondoka na jembe lako."

Mnaelewa? Angelipokea, angekiri kuwa mwenzao alikaa chini kuniomba mimi. Kwake, bora mimi nioze.

Wachumba walikuja. Wakisikia jembe bado liko ndani, wanageuza. "Huyu mke wa mtu," wanasema. Watu wangu wenyewe, waliomchukia Mwingereza kuliko nilivyomchukia mimi, ndio walionitunza kwa ajili yake.

Uhuru ukaja, DC akafungasha. Mimi nikabaki mke wa mzungu. Sikuolewa, sikuzaa.

Nilichojifunza? Kudai jembe sijutii, hata leo ningedai. Ila nilidhani mmoja wao akinipenda, wengine watanyamaza. Ujinga wa ujana huo.

Haya, semeni yenu, nasoma yote. Ila wewe unayetaka kuandika kwamba ningepitia tu jikoni, pita kimya.