Sahani kumi na tisa za Tiira: siku hakimu alipokuja jikoni kuuliza nani mwenye shimo

Wakuu, salamu kutoka mpakani.

Humu mimi ni msomaji wa kimya, miaka sasa. Nasoma visa vyenu, nacheka, nalala. Leo naandika kwa sababu hili nililiona kwa macho yangu na bado linanizunguka kichwani. Majina nimebadilisha. Mengine ni kama yalivyokuwa, na pale ambapo sikumbuki nitasema sikumbuki.

Mnijue kidogo kwanza.

Shule niliacha darasa la sita, upande wa Kenya. Karo ilikuwepo, tatizo lilikuwa miguu isiyotulia. Nimekuwa utingo wa lori, nimevusha mayai kwa baiskeli, nimechoma matofali Tororo. Busia waliniita Transit, kama yale malori yasiyoshusha mzigo hapa, yanapita tu.

Nikafika Tiira, upande wa Uganda, kwenye mashimo ya dhahabu. Nilitaka tu kuona dhahabu inatokaje ndani ya jiwe. Nikabaki.

Sasa sikilizeni desturi ya shimo letu, maana bila hiyo hamtaelewa mbele.

Ukijiunga na shimo hakuna mkataba wa karatasi. Unakuja na sahani yako ya bati. Unachukua msumari, unachora alama yako nyuma, unamkabidhi anayepika. Anaitundika ukutani jikoni. Kuanzia siku hiyo wewe ni mtu wa shimo lile na una haki yako kwenye mawe.

Anayepika ndiye anayeishusha kukupakulia na kuirudisha. Siku ukiitoa ukutani kwa mkono wako mwenyewe, tunaita kuangusha sahani, umejitoa. Hakuna atakayekuuliza.

Mimi alama yangu ni njia inayogawanyika mara mbili.

Na kuna jambo la pili. Mchimbaji hana mshahara. Mwamba unaweza kukaa mwaka mzima bila kutoa kitu, na muda wote huo anachopata ni chakula. Siku mawe mazuri yakitoka, magunia yanagawanywa pale pale: ya mwenye ardhi, ya mwenye shimo, ya wachimbaji. Kwa hiyo kule wanasema, mwenye shimo ni anayelisha. Ukishindwa kulisha siku tatu, watu wanatafuta mwingine na shimo si lako tena.

Shimo letu liliitwa la Wandera. Msamia wa Masinya, mtu wa mwili mkubwa na kicheko kikubwa. Mkewe Athieno alikuwa Japadhola, kwao ni Mwello, wilaya ya Tororo. Sisi tulimwita Mama Auma, kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Watoto walikuwa watatu.

Tulichimba mwaka mmoja na zaidi ya miezi miwili bila kuona chembe. Maji, udongo, jiwe gumu, maji tena. Mashimo ya jirani watu walikimbia. Sisi hatukukimbia, kwa sababu kila saa saba mchana posho, ndiyo ugali wa huku, na maharage vilikuwa tayari.

Mimi mwenyewe niliondoka mara mbili kipindi hicho. Mara ya kwanza nilienda Malaba kuangalia tu namna wanavyopima malori, nikapotea miezi mitatu. Niliporudi nilijua nimeshafutwa. Nikachungulia jikoni, sahani yangu iko pale pale, imeoshwa.

Mama Auma akasema, "Transit, umekonda. Huko Malaba mlikuwa mnakula mizani?"

Akanipakulia. Hakuuliza lingine.

Halafu mwamba ukafunguka. Siwezi kuwaeleza siku ile. Wandera alijenga nyumba mjini Busia, na nyuma yake vyumba sita vya kupangisha. Tukafurahi kwa ajili yake, maana nasi tulipata.

Baada ya hapo akapata mwanamke mwingine upande wa Kenya. Hilo ni lake, silihukumu. Ila alikuja jikoni siku moja, sisi tunakula, akamwambia mkewe arudi Mwello. Achukue godoro lake, sufuria zake na mbuzi wawili.

Mama Auma akaendelea kukoroga.

"Na watoto, Baba Auma? Watakula nini?"

"Watakula wakija kunitembelea."

"Na nyumba?"

"Nyumba ni ya shimo. Shimo ni langu. Wewe ulikuwa unapika."

Akapakua sahani ya mwisho, akafuta mikono. "Sawa," akasema. "Tutaulizana mbele ya mtu ambaye si ndugu yako."

Akaenda kwao, kisha akaenda kortini kuomba talaka na haki yake. Hakuwa na wakili. Wandera alikuwa naye, kijana mwenye viatu vinavyong'aa.

Hapo ndipo Wandera alipotuita wachimbaji na kutuambia maneno machache. "Kesi hii ni ya mtu na mke wake. Yeyote anayetaka kwenda kusema, aanze kwa kuangusha sahani yake."

Tukanyamaza wote. Wakuu, tulikuwa tumekaribia mshipa mwingine wa mawe. Kujitoa wakati ule ni kuacha kazi ya mwaka mzima ardhini. Nisiwadanganye, mimi pia nilinyamaza.

Lakini udadisi ni ugonjwa wangu. Siku ya kesi nikaenda nikakaa benchi la nyuma. Sijawahi kuona hakimu. Nilitegemea mtu mkali mwenye sauti. Nikakuta mama mfupi wa miwani, anaandika kila neno kwa mkono, polepole, kama mtu anayechambua mchele.

Wandera akaapa. Akasimama vizuri, akasema, "Mheshimiwa, mimi ndiye mwenye shimo. Uliza mtu yeyote Tiira. Mwenye shimo ni anayelisha."

Hakimu akauliza, "Ulilisha watu wangapi?"

"Kumi na wanane, na mimi wa kumi na tisa. Mwaka mzima na zaidi, dhahabu hakuna."

"Walikula nini?"

"Posho. Maharage. Muhogo. Siku ya soko, karanga."

"Ulinunua wapi?"

Wandera akamtazama wakili wake. Wakili akatazama viatu vyake.

"Chakula kilikuwepo tu," akasema.

"Kilikuwepo tu," hakimu akarudia, akaandika. Akafunga daftari akasema kabla ya kuendelea anataka kuona mahali penyewe.

Sikujua kama hakimu anaweza kutoka kortini akaja shimoni. Kumbe anaweza.

Alikuja asubuhi, na karani, mkalimani, wakili, na chairman wa LC, kiongozi wa kijiji chetu. Matope yetu mekundu yakamla viatu hadi kwenye kifundo, hakujali. Akatazama shimo, akauliza kina. Akatazama mashine ya kuponda mawe. Kisha akasema, "Na jiko?"

Jiko lilikuwa limefungwa tangu Mama Auma afukuzwe, karibu miezi sita. Sisi tulikuwa tunakula chapati za mama mmoja barabarani, kwa hela ya Wandera. Wandera akafungua mlango.

Sahani zote kumi na tisa zilikuwa ukutani, kwenye misumari, mistari miwili. Zina vumbi, lakini hakuna hata moja iliyopungua. Wandera alikuwa amezisahau. Kitu ukikiona kila siku huwa hukioni.

Mama Auma alikuwa amesimama nje na mtoto mdogo mgongoni.

Hakimu akauliza ni za nani. Chairman akamweleza kuwa ni za wachimbaji, kila mtu na alama yake. Basi yeye, kwa nia njema kabisa, akatugeukia akasema, "Kila mmoja achukue yake, anioneshe alama, kisha aniambie chakula alichokula humo kilitoka wapi."

Hakujua alichokuwa ametuomba.

Hakuna aliyesogea. Mkalimani akarudia kwa Kisamia, kwa Kidhopadhola, kwa Kiteso. Hakimu akatutazama akidhani hatujasikia. Wandera alikuwa mlangoni, mikono kifuani.

Kulikuwa na mzee wetu, Emojong, Mteso, mchimbaji wa zamani kuliko wote, meno matatu. Akatema mate nje, akaingia, akanyoosha mkono, akaitoa sahani yake kwenye msumari.

"Hii yangu. Nimechora ng'ombe. Watu nasema ni mbwa, lakini ni ng'ombe."

Karani akacheka, kisha akajizuia.

"Chakula kilitoka wapi, mzee?"

"Mwello. Kwa shamba ya baba yake huyu mama. Alikuwa nakuja na gunia kwa baiskeli, nasukuma, haipandi. Mvua ikinyesha alikuwa navua gauni yake ya gomesi nafunika gunia, yeye nabaki na ya ndani. Maharage ilifika kavu."

Akatoka na sahani yake kwapani, akapita mbele ya Wandera bila kumtazama.

Akaingia wa pili. Wa tatu. Sikumbuki mpangilio wao. Nakumbuka sauti ya bati likigusa msumari, na kila mtu akisema neno lile lile kwa lugha yake: Mwello. Mmoja alisema karanga zilitoka kwa mama mzazi wa Athieno. Mwingine akasema alipougua malaria alipikiwa uji siku tisa, na unga aliujua kwa ladha, ulikuwa wa mtama wa Mwello.

Zamu yangu ilipofika nilikuta miguu yangu, hii inayokimbia kila kitu, imenasa. Nikaifuta sahani vumbi kwa shati. Njia inayogawanyika.

Nikamwambia hakimu, "Mimi niliondoka mara mbili bila kuaga. Nikirudi naikuta imeoshwa. Chakula kilitoka kwake. Mwamba haukutupa kitu mwaka mzima, tulikuwa tunachimba kwa nguvu ya mihogo yake."

Ukuta ukabaki na sahani moja. Duara lenye msalaba ndani.

"Na hii?" hakimu akauliza.

Mama Auma akajibu kutoka nje, mara ya kwanza kusema siku ile. "Ya Baba Auma. Naye alikula."

"Na yako iko wapi, mama?"

"Mimi sina. Nilikuwa nakula kwenye sufuria, wakishamaliza."

Wakuu, mimi si mtu wa machozi. Nilimwangalia Wandera nikidhani atapiga kelele, kwani namjua. Alikuwa anatazama ile sahani yake peke yake ukutani. Kisha akasema, chini kabisa, kwa Kiswahili ili wote tusikie:

"Alilisha. Ni kweli. Alilisha yeye."

Wakili akamshika mkono. Akauondoa.

Wiki chache baadaye hukumu ikasomwa. Ndoa ikavunjwa. Vyumba vya kupanga, vitatu vitatu, na nyumba yenyewe akae Mama Auma na watoto mpaka wakue. Magunia ya mwenye shimo yakagawanywa nusu kwa nusu, kwa sababu mmoja aliongoza kuchimba na mwingine alilisha. Wajomba wa Wandera walikuwa wakidai ng'ombe wa mahari warudishwe. Hakimu aliwapa sentensi moja, kwamba sheria hairuhusu kudai mahari irudishwe, wakaketi.

Likabaki la matumizi ya watoto. Wakili akasema dhahabu haina tarehe, kwa hiyo mteja wake atoe pale shimo litakapotoa. Mimi nilivyo, nikaona ana hoja. Kweli haina tarehe.

Hakimu akavua miwani.

"Wanaume kumi na tisa walikula kila siku shimo likiwa tupu. Watoto watatu nao watakula kila siku, shimo likiwa tupu."

Akapanga kiasi cha kila mwezi, na karo juu yake, mwezi wa dhahabu na mwezi wa matope. Akasema hali ikibadilika sana, yeyote anaweza kurudi kuomba kipimwe upya.

Mimi nimeacha shule darasa la sita, nimeona mito imefurika na lori likiwaka moto, lakini sijawahi kuona kitu kikubwa kama akili ya yule mama. Alikuja kwetu na matope, akachukua kipimo chetu wenyewe, akatupimia nacho.

Na sisi? Tulikuwa tumeangusha sahani. Kwa desturi, shimo halina watu.

Jumatatu iliyofuata Mama Auma alishuka kwenye boda na gunia la maharage, akafungua jiko, akafagia. Sisi tumejipanga nje kama watoto wa shule, kila mtu na bati lake mkononi. Akatoka, akanyoosha mkono.

"Leteni. Mnasubiri kengele?"

Akazitundika moja moja. Ya Wandera alikuwa ameiacha pale pale, ameifuta vumbi tu.

Wandera akaja mchana, akasimama mbali. Mama Auma akamwambia bila kugeuka, "Baba Auma, wiki hii nalisha mimi. Ijayo wewe. Anayetaka kuitwa mwenye shimo, alete gunia."

Wiki iliyofuata akaleta, kwa kichwa, posho ya kununua. Aliipika mwenyewe, ikaungua. Tukaila. Emojong akasema amekula mwamba laini kuliko ile.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Kabla hujasema mali ni yako, jiulize ulikula wapi ulipokuwa unaitafuta. Na ukisema "chakula kilikuwepo tu", jua kuna mtu ameshuka kwenye baiskeli akaisukuma.

Naandika haya nikiwa njiani tena, safari hii Tororo, nataka kujua saruji inapikwaje. Sahani yangu sikuichukua. Iko ukutani, njia inayogawanyika, na ndiyo kitu pekee duniani kinachonisubiri nirudi.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Kwenu huko mtu aliyelisha anahesabiwaje siku ya kugawana? Na kama kuna mwanasheria humu, anieleze: yule hakimu alifundishwa hayo chuoni, au aliyaona mle jikoni?