Ndovu Tuliyemwanza kwa Pembe

Nilikuwa na miaka tisa, miezi mitatu tu Maskati tangu tutoke Unguja, na tayari nilikuwa nimeshasema uongo mmoja mkubwa.

Sikuutafuta. Chuoni tulikuwa tumefika Suratul Fil, ile ya jeshi la ndovu, na wasichana wote wakanigeukia mimi, kwa vile ndimi niliyetoka Afrika. Wakaniuliza ndovu yukoje. Kiarabu changu wakati ule kilikuwa cha kuombea maji, lakini aibu ilinipa maneno. Nikasema ndovu wetu hunywa maji kisimani kwetu, na mmoja nimempanda mpaka sokoni.

Mkubwa wao, binti wa jirani, alinitazama. "Basi mtengeneze tumwone. Ukishindwa, hatuchezi na muongo." Mtaa wetu mzima wa Sidab sikuwa na wenzangu wengine. Nikarudi nyumbani nalia.

Bibi yangu alinisikiliza, akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. Nikamuuliza yeye alimwona ndovu lini.

"Ndovu nimwone wapi miye? Unguja kuna ndovu?" akasema. "Nliona pembe zake tu, forodhani, wachukuzi wanazishusha. Pembe moja, watu wawili."

"Na mwili?"

"Mwili utafuata."

Ndivyo tulivyomwanza kwa pembe. Bibi hakuwa mtu wa kufanya mambo nusunusu. Kila pembe ilinizidi mkono kwa urefu, na karatasi za daftari langu zikaisha zote humo. Gundi tulipika uji wa ngano. Mwili ulitokana na magazeti ambayo mwenye duka hutufungia bizari, kwa hiyo ndovu wetu alinukia mchuzi tangu siku ya kwanza. Mkonga na mkia Bibi alivisokota urefu mmoja, ili tukikosea mbele na nyuma asitokee wa kutulaumu.

Tulipomsimamisha, pembe zilimshinda, akaanguka kifudifudi. Tukamjaza kokwa za tende upande wa nyuma. Akaanguka tena.

"Anasujudu," alisema Bibi. "Muache amalize."

Mwishowe tukamkalisha kitako, kama mbwa anayengoja mfupa. Unyevu wa pwani ukamlegeza masikio yakagusa sakafu. Nilimchukia ndovu yule kwa moyo wangu wote.

Alasiri wasichana wakaja, wakamzunguka. Mkubwa wao akasema huyu ni mbuzi mgonjwa. Mwingine akasema twende tukamuulize mwenye duka, yule mzee wa Kihindi, maana mtaa mzima ulijua ametoka Bombay, na Bombay, kwa habari tulizokuwa nazo, ndovu hupishana na watu njiani. Hapo nikajua nimekwisha. Nikambeba ndovu mwenyewe, machozi yananilenga.

Mzee akavaa miwani. Akamtazama mbele, akamtazama nyuma, akamnusa. Mimi nilikuwa natazama vidole vya miguu yangu.

"Huyu ni ndovu wa Kiafrika," akasema kwa Kiarabu, polepole. "Wa Bombay ni wengine. Huyu hana kosa."

Mkubwa wao akaniomba, kwa adabu ambayo sikuwahi kuiona kwake, ambebe yeye kurudi. Nikamruhusu, nikamwonya tu asiinamishe, kokwa zisije zikamwagika. Wakatoka wanagombea nani ashike mkonga, na wengine wameshika mkia.

Mzee akanizuia mlangoni. Akachungulia nje kuona wameshafika mbali, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye amezaliwa hapa hapa Maskati, upande wa Matrah, Bombay anaisikia tu kwa wanaomletea bidhaa, na ndovu hajapata kumwona hata siku moja. Halafu akaniuliza, kwa uso wa mtu aliyelihifadhi swali lile miaka mingi, kama ndovu huuma.

Tangu tutoke Unguja hakuna mtu mzima aliyeniuliza jambo akangoja nimjibu. Nilimwonea huruma, na nilijiona mkubwa.

"Akikuzoea haumi, ami," nikamwambia.