Wakili mtani wetu alipoteza hati ya nyumba Temeke, tukadhani anatania

Wakuu, habari za humu.

Jana nimemsoma kijana mmoja analia kuwa wakili kapoteza hati ya nyumba ya familia. Pole mwanangu. Hilo lilishatukuta sie Temeke, enzi za Ujamaa, mie ndiyo kwanza nimemaliza shule. Nililiona kwa macho yangu, na kama nitaongeza chumvi basi ni kidogo tu.

Iko hivi.

Babu alifariki akatuachia nyumba. Ndiyo mali pekee tuliyokuwa nayo, na shangazi zangu wote waliishi humo. Baba akampa wakili Mihayo ile hati ashughulikie mirathi, iandikwe jina la baba.

Sasa sie Wazaramo, wakili Mnyamwezi wa Tabora. Watani!

Akija kwetu ni matusi na vicheko tu. Kwenye msiba wa babu alijilaza kaburini, akagoma kutoka mpaka tukamkomboa kwa kuku. Hivyo ndivyo tulivyoishi naye.

Jioni moja akaja na koti lake la suti, akasimama uani.

"Mzee Pazi, hati yenu imepotea. Tumehama ofisi, faili silioni."

Jamani tulicheka! Shangazi mmoja alikaa chini kabisa.

Baba akamjibu, "Umeiuza ukanywea pombe, Mnyamwezi wee!" Akapewa ubwabwa, akala kidogo, akaondoka.

Wiki iliyofuata akarudi. "Mama, ile hati kweli haipo." Tukacheka zaidi.

Mama akamchokoza, "Babu zenu walibeba mizigo toka bara mpaka pwani. Wewe karatasi moja tu imekushinda?"

Wakili akainama.

Mtani akitukanwa asijibu, ujue kuna jambo. Vicheko vikakatika. Baba akakaa. Mtu akiiokota ile hati si atakuja kudai nyumba ni yake? Niliogopa sana, nikawaza tutahamia wapi.

Mama akanyoosha mkono. "Vua koti."

Kwa utani wetu, mtani akikukosea unashika kitu chake mpaka arekebishe. Akavua bila ubishi, mama akalitundika kwenye msumari sebuleni.

Baba hakugombana naye, walifuatilia pamoja. Wakaandikisha upotevu polisi. Wakili akaapa kwa maandishi kuwa hati imepotea mikononi mwake. Tangazo likatoka gazetini. Balozi wa nyumba kumi na majirani wakatoa ushahidi kuwa nyumba ni ya babu, ndipo wakaenda ofisi ya ardhi, wakaenda tena na tena.

Kote huko wakili yuko mbele, na shati tu. Akiulizwa koti, anasema, "Liko rehani kwa Wazaramo."

Ilichukua muda, lakini siku moja tukamsikia anapiga kelele tangu barabarani. Hati mpya, jina la baba!

Vigelegele mtaa mzima. Shangazi zangu wakaanza kucheza. Baba alilisoma jina lake akalia mbele yetu, hakujali nani anamwona. Sijawahi kuona furaha kama ile pale nyumbani.

Wakili akafuta jasho. "Haya mama, koti langu."

Mama akatazama ukutani. Msumari mtupu.

"Mtani wangu, tumehamisha vyombo, koti silioni."

Wakili alicheka mpaka akakaa chini mwenyewe. Na koti lilikuwa pale pale mbele yake, shangazi kalivaa, anacheza nalo!

Kwa hiyo mwanangu unayelia, usianze na ugomvi. Mbane wakili aandike na kusaini kuwa kapoteza yeye, kisha mburute polisi, gazetini na ardhi, mguu kwa mguu. Na siku nyingine usitoe hati bila kubaki na kopi.

Wengine yamewakuta? Semeni, nasoma zote. Na kama humu kuna Mnyamwezi aje ajibu: shangazi aligoma kulivua, na koti mpaka leo hatulioni.