Hita Sita za Wegesa

Tangu wachimba dhahabu wafurike Nyarero, taa ya Wegesa ilififia kila saa moja jioni. Mwizi wa umeme alimjua: jirani yake Faridu, mwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu.

Jioni moja taa ilipofifia, alimvamia. Karasha lilikuwa limezimwa.

“Shikamoo, mama.”

“Shikamoo ya nini, mwizi wewe!”

“Saa hizi umeme haunitoshi, nasaga mchana. Kwako mnawasha nini?”

“Nina taa moja tu!”

Alirudi nyumbani akisonya. Uani, wapangaji wake sita walikuwa wametoka mashimoni na vumbi lao, kila mmoja akichemsha ndoo ya maji ya kuoga kwa hita.

Hita hizo aliwanunulia Wegesa mwenyewe, akiwashuku wanamwibia kuni.