Masikini Anayenukia Udi

Wiki iliyopita, Ramadhani ikikaribia, nilimpeleka jirani yangu wilayani Bawshar, kwenye ofisi ya kamati moja ya misaada inayowagawia mchele na mafuta wenye shida. Mbele yetu kwenye foleni alikuwepo mama mjane ambaye mwanawe, tegemeo lake, kaachishwa kazi. Alivaa baibui lililopigwa pasi, na alinukia udi.

Karani alimtazama juu mpaka chini, akaegemea kiti chake. "Bi mkubwa, mbona huonekani kama mtu mwenye shida?"

"Shida yangu iko jikoni, mwanangu," alijibu mama. "Hapa nimekuja kwa watu, na kwa watu hakwendwi ovyo."

"Basi kaa pembeni kwanza, tuwahudumie wenye haja."

Mama alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Sikai pembeni. Nna haja, na zamu ni yangu."

Karani akampungia mkono jirani yangu apite. Jirani yangu, ambaye nyumbani kwake hamkuwa na hata unga, alitikisa kichwa. "Namngoja mwenzangu amalize," alisema. Mwanamke wa nyuma yetu naye hakusogea. Foleni ikasimama hapo hapo, mpaka karani akaagiza mchele uletwe.

Mama aliupokea, akasema alhamdulillahi kwa sauti yake ya kawaida, akatoka taratibu.

Wengi wetu tukitoa sadaka hutaka malipo papo hapo: tumuone anayepokea ameinama. Siku ile karani hakulipwa kitu.