Nyanjige na Hasira ya Kumaliza Gemu

Kuna watu wanaoamshwa na jogoo, kuna wanaoamshwa na simu. Nyanjige alikuwa akiamshwa na Onesmo, na Onesmo mwenyewe yuko Dar es Salaam amelala zake.

Kila asubuhi, akishafungua kibanda chake cha kutoa kopi pale karibu na stendi ya Bariadi, akishafagia na kuwasha kompyuta, alisema kwa sauti, "Onesmo, leo utanitambua." Kisha anaketi kuandika programu. Wateja walidhani Onesmo ni mume aliyemkimbia. Angekuwa mume afadhali, waume husahaulika.

Habari yenyewe ni hii. Nyanjige na Onesmo walisoma sekondari pamoja, na wote wawili walikuwa na kichaa kimoja: kutengeneza gemu la simu juu ya mashindano ya ngoma, yale yanayofanyika huku Usukumani baada ya mavuno. Vyama viwili vya ngoma, Wagika upande huu, Wagalu upande ule, uwanja mmoja, muda mmoja, kila manju, yaani kiongozi wa ngoma, na wachezaji wake. Watazamaji wenyewe ndio wanaoamua, kwa miguu yao. Ngoma iliyonoga wanaifuata, na manju anayeachwa na watu uwanjani ameshindwa, hata kama alijitahidi mpaka akatoka povu. Nyanjige aliandika programu, Onesmo alichora. Halafu Onesmo akapata kazi ya kuchora matangazo Dar, na siku ya kuaga akasimama pale kibandani, mbele ya wateja, akasema, "Nyanjige, tusidanganyane. Gemu la ngoma za vijijini atacheza nani? Acha utoto."

Acha utoto! Mtu ambaye wiki hiyohiyo walikuwa wakigombana juu ya rangi ya manyoya ya kichwani mwa manju! Akapanda basi, akamwachia picha nusunusu. Nyanjige akajifunza kuchora mwenyewe. Wachezaji wake wa kwanza walitoka kama viazi vyenye miguu. Akavifuta, akachora tena, huku akisonya.

Ukitengeneza gemu peke yako hakuna mtu wa kukuuliza umefika wapi, na wanaouliza ni heri wangenyamaza. Mteja akiona rangi zinawaka kwenye kioo: "Dada, mkeka wa leo umekaaje?" Akiambiwa huo si mkeka wa kubeti, ni gemu linatengenezwa hapa hapa Bariadi, anamtazama mwenzake kwa huruma. Bwana mmoja wa mradi wa afya alilipenda, akaahidi kumtafutia wafadhili iwapo wacheza ngoma watasimama kidogo kila baada ya wimbo wanawe mikono. Nyanjige alimrudishia kopi zake bila hata kuzibana pini. Umeme nao ulikuwa na tabia ya kukatika kabla hajahifadhi kazi, na betri ya kompyuta ilikwisha kufa zamani. Siku hizo alitoka nje akaitukana nguzo.

Kilichomtesa zaidi ni umati. Kila mtazamaji mdogo mle ndani ya simu alipaswa kuamua mwenyewe aende kwenye ngoma ipi. Mara wote wanakimbilia upande mmoja kama kuna gari limepinduka, mara wanagota katikati ya uwanja wanasukumana, na simu inapata moto. Angekwishaacha. Lakini akilikumbuka lile neno "utoto", damu inamchemka, na vidole vinarudi kazini.

Mama yake, Felisita, anayeuza dagaa wa Lamadi sokoni, alimwuliza siku moja, "Hivi mayu, huyo Onesmo alikukosea au alikuajiri?"

Mwaka huu Nyanjige akaapa: gemu litatoka siku ya ngoma kubwa ya Ngulyati, watu wakiwa wamejaa. Msimu ukipita halijatoka, basi tena. Alijijua. Alikuwa amechoka, na mwaka mwingine wa namna hiyo asingeuweza.

Hapo ndipo Onesmo alipopiga simu.

Alikuwa ameona video fupi ambayo Nyanjige aliiweka WhatsApp, umati ukihama kutoka ngoma moja kwenda nyingine. "Nilikosea," alisema. "Hiyo ni kazi kubwa. Siku ile mimi ndiye niliyekata tamaa, nikaona aibu, nikakutupia wewe. Nisamehe."

Nyanjige alisema asante, yameisha, akakata simu. Kesho yake akafungua kibanda, akafagia, akawasha kompyuta, akafungua mdomo na hakikutoka kitu. Amwambie nani kwamba leo atamtambua? Akautazama umati wake umegota palepale. Akafuta vumbi kwenye mashine ya kopi. Akapanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangika. Siku zikaenda hivyohivyo, ngoma ya Ngulyati inakaribia, yeye hajagusa kitu.

Kisha hasira ikarudi, lakini hasira mbovu isiyofanya kazi: alimkasirikia Onesmo kwa kumwomba radhi. Amemswaga kama punda miaka yote hii, halafu katikati ya safari anatupa fimbo! Nani alimtuma awe mstaarabu?

Mwishowe akafunga kibanda, akaenda Ngulyati kurekodi milio ya ngoma, ili angalau aonekane ana shughuli.

Alimkuta Mayunga, manju wa Wagalu, yuko mazoezini, na mazoezi yamepoa. Vijana walirusha miguu kana kwamba wanafukuza kuku. Mayunga, jibaba lenye kipaji cha kukasirika, alikuwa ameshika simu anafoka.

"Ngeleja! Mbona mmenyamaza? Mwaka jana saa hizi ulikuwa umeshanitukana mpaka ukoo wangu. Mwaka huu kimya. Nishindane na nani mimi, na mbuzi?"

Ngeleja ni manju wa Wagika wa Mwamapalala, na huku desturi ni kwamba kabla ya siku yenyewe pande mbili zirushiane nyimbo za kejeli. Baada ya muda kidogo ujumbe wa sauti ukaingia. Mayunga akaufungulia wote wausikie. Ngeleja aliimba kwamba Wagalu wa Ngulyati wanacheza kama watu walioingiliwa na siafu, na kwamba manju wao akiruka, ardhi inaomba msaada. Vijana wakapiga mayowe, wakainuka, vumbi likatimka. Mayunga aliruka kwa hasira mpaka ukasahau unene wake.

Nyanjige akasogea pembeni, akampigia Onesmo.

"Chukua msamaha wako."

"Nini?"

"Nimesema chukua msamaha wako. Siutaki. Nitukane."

Onesmo akacheka. Nyanjige hakucheka. Lakini ngoma zilisikika mpaka kwenye simu, na mtoto wa Kisukuma hata ukimpeleka Dar anajua ngoma za wakati huo wa mwaka zinataka nini.

"Sawa," akasema. "Miaka yote hii, nani ameshika gemu lako mkononi akalicheza? Mtaje mmoja. Unaturushia vivideo, tunakusifu, unarudi kujificha. Usisingizie umeme. Unaogopa mtu asije akalicheza akapiga miayo mbele yako. Wewe hulitoi, Nyanjige. Si mwaka huu, si mwakani."

Aliomba kejeli, akapewa ukweli. Alitafuta jina moja tu la kumtupia usoni, hakulipata, na hilo lilimchoma kuliko yote.

"Mshenzi wewe," akasema, akakata.

Akamwendea Mayunga, aliyekuwa amekaa anafuta jasho, akafungua gemu kwenye simu yake, akamtia mkononi.

"Manju, cheza hii."

"Ni ya kubeti?"

"Si ya kubeti! Huyu ni wewe, yule ni Mgika. Gusa hapa kwa kufuata mdundo, watu waje kwako. Ukiboronga wanaondoka."

Mayunga akagusa kwa kidole kimoja, kwa dharau. Watu wadogo wakaanza kumjia, akaguna. Kisha akakosa mdundo, wakaanza kuhama mmoja mmoja, wakimpa mgongo. Nyanjige aliona makosa yote: wawili wamegota, mmoja anatembea kinyumenyume. Akamkodolea macho Mayunga mdomoni, akingoja miayo.

"Bebe!" Mayunga akakifokea kile kioo. "Wewe mwenye shati jekundu, unakwenda wapi? Rudi hapa!"

Mwenye shati jekundu hakurudi. Uwanja wa Mayunga ukabaki mtupu, ngoma ikazima. Nyanjige akanyoosha mkono apokee simu yake.

"Huyu Mgika ni mwizi," Mayunga alisema, akiikumbatia simu kifuani. "Amenichukulia watu wangu. Nionyeshe pa kuanzia upya."

"Manju, nipe. Kuna watu wamegota humo, nataka nikawanyooshe kabla ya siku ya ngoma." Na kweli alitaka. Alikitamani kibanda chake, aliitamani kompyuta yake, na kila dakika aliyosimama pale ilimuudhi.

"Utawanyoosha nikishamtoa huyu!" Mayunga alifoka bila kuinua macho, huku vijana wake, jasho likiwakaukia, wakimngoja arudi mazoezini.